Mshumaa kwa Baba Yake Eliseo

Jumamosi ya katikati ya Oktoba, duka la mikate la Mtaa wa Kumi na Nane pale Pilsen, mtaa wa Wameksiko jijini Chicago, halipitiki. Watu wameshika trei na koleo, wanazunguka rafu wakichagua mikate ya marehemu, ile ya sikukuu ya kuwakumbuka wafu, inayotoka tanurini na moto wake, na harufu ya sukari na maganda ya machungwa imejaa kote. Hapo ndipo koleo la Nereida Feliciano na koleo la mtu mwingine yalipobana mkate mmoja, tena wa mwisho.

"Dada, huo wangu," sauti ya kiume ikasema.

"Una jina lako?"

"Hauna. Lakini mama yangu akiniona narudi mikono mitupu, leo nalala nje."

"Lala. Baridi ya Chicago itakufunza adabu."

Jamaa akacheka. Alikuwa mrefu, kavaa ovaroli lenye madoa mekundu na ya buluu, kwani kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka kwa mkono. Jina lake Eliseo Barragán. Naye alimwona binti mwenye koti la njano na hereni kubwa za duara, anayemkazia macho kama askari, na moyo wake ukaenda hukohuko. Mkate waliugawana nje, wamesimama kando ya barabara, sukari imemganda Eliseo masharubuni.

"Unasoma?" akauliza.

"Uuguzi. Na somo la pembeni, historia na utamaduni wa Walatino."

Eliseo alicheka mpaka akapaliwa. "Unasomea kuwa Mlatino? Si umezaliwa hivyo?"

"Hata baba ananicheka hivyohivyo! Sisi ni Wapuerto Rico wa Humboldt Park. Kihispania nakibananga, bibi zangu siwajui hata walitoka kijiji gani. Nimechoka kuwa mgeni kwenye ukoo wangu mwenyewe." Alijifuta vidole. "Sasa mwalimu anataka tumhoji mtu mwenye picha ya zamani na kisa chake. Wewe una kisa?"

"Ukinipa namba yako, nitakuwa nacho."

Basi zikaja wiki mbili ambazo Nereida alitembea kama mtu aliye usingizini. Majani yalimwagika mitaani, yeye hayaoni. Mhadhara unaendelea, yeye anatabasamu na dirisha. Simu ikilia, roho juu.

"Umekula, mpenzi?"

"Nimekula. Umenikumbuka?"

"Nimeandika jina lako kwenye kibao cha kinyozi, ikabidi nifute."

"Muongo wewe!"

"Muulize kinyozi."

Siku ya mahojiano, Eliseo alitoa picha ya mwanaume mwenye kofia pana, kaegemea gari jeupe, anacheka. Ni baba yake, Anselmo. Miaka minane nyuma alirudi kwao Durango, Meksiko, kumzika mama yake, na kwa kuwa hakuwa na karatasi za kuishi Marekani, safari ya kurudi Chicago aliipitia jangwani kwa miguu. Siku ya tatu simu yake ikanyamaza, ikanyamaza moja kwa moja. Eliseo alilisema lote hilo bila chozi, na Nereida akamshika mkono. Pale pale mezani alijua kwamba anampenda huyu mtu kweli kweli.

Hakuuliza zaidi. Miaka minane, jangwa, simu kimya: huyo ni marehemu, akajisemea. Kwao wangeshasali rozari siku tisa, wakalia wakamaliza. Kwa hiyo darasa lilipoanza kupamba altare ya marehemu, desturi ya Wameksiko ambayo yeye aliijua vitabuni tu, aliikuza ile picha kwa siri, akaitia fremu, akaiwekea glasi ya maji na mshumaa. Akawaalika Eliseo na mama yake: "Njooni, nina zawadi."

Alasiri ya mwaliko ukumbi wa chuo ulikuwa kama ndoto, maua ya njano kutoka sakafuni hadi dari, mishumaa inapepea, moshi wa ubani unazunguka taratibu. Doña Rosaura, mama yake Eliseo, aliingia kavaa gauni la kijani na mtandio wa kufuma, anatabasamu kwa kila mtu. Kisha akaiona picha.

"Nani kamuua mume wangu?" Aliuliza kwa sauti ndogo, lakini ukumbi mzima ulisikia.

"Mama, mimi nilidhani..."

"Ulidhani! Miaka minane sahani yake iko mezani. Miaka minane sijathubutu kumwashia mshumaa. Wewe umemzika kwa siku moja!"

Akauzima ule mshumaa kwa vidole vyake mwenyewe. Eliseo akaichukua picha.

"Nilikupa kisa, Nereida," alisema. "Ruhusa ya kumzika baba sikukupa."

Nereida alimpigia simu mara kumi na moja, haikupokelewa. Chakula hakipiti, usingizi hauji. Jumapili mchana akajikaza, akaenda mpaka mlangoni kwao.

Doña Rosaura alifungua. "Na huko chuoni wanawafundisha nini?"

"Walinifundisha jinsi ya kuipamba altare, mama. Kuuliza ni kazi yangu mimi, na sikuuliza. Nisamehe."

Mama akamwonyesha kiti kwa kidevu. Eliseo alikuwa jikoni, macho mekundu.

"Unajua kilichonitesa?" alisema bila salamu. "Nilipouona ule mshumaa nilishusha pumzi. Kama nimetuliwa mzigo. Nikajichukia, hasira nikaziangusha kwako."

"Eliseo..."

"Kuna ofisi wanachukua mate ya ndugu, wanalinganisha na mifupa iliyookotwa jangwani. Namba yao ninayo miaka minne. Naogopa, mpenzi. Naogopa kujua."

Hakuna aliyejua kama mama alikuwa akisikia, mpaka aliposema kutoka mlangoni: "Nenda, mwanangu. Mimi siwezi, lakini wewe nenda. Na huyu akusindikize." Kisha akawageuzia mgongo ili wasimwone analia.

Jumanne asubuhi walikaa bega kwa bega mbele ya meza ya karani wa ofisi ile, mwanamke mpole mwenye miwani.

"Ndani wanaingia familia tu," karani alisema. "Huyu ni nani wako?"

"Mchumba wangu."

Nereida akageuka. "Tangu lini?"

"Tangu sasa hivi. Ukitaka. Majibu yakija, ya namna yoyote, sitaki kuyasoma peke yangu. Wala hayo, wala mengine yote ya maisha haya."

Karani alingoja, kalamu hewani. Nereida akamgeukia karani, machozi yanamtoka na tabasamu halimtoki.

"Andika, dada," alisema. "Andika mchumba."

Wakaingia pamoja. Nereida akamshika mkono kwa nguvu, na Eliseo akafungua kinywa wamchukue mate.