Amoni Aambiwa Angoje

Msimu wa kahawa ulikuwa umefika katika kijiji cha Ruanda, nchi ya Mbozi. Yonasi na mkewe Roda walikuwa shambani tangu asubuhi. Walichuma buni nyekundu tu. Zile za kijani waliziacha mtini ziive. Mwana wao Amoni alikuwa uani, akizungusha mashine ya kumenya kahawa.

Ilikuwa mwaka 1957. Amoni alikuwa amemaliza darasa la kumi na mbili. Kijijini hapakuwa na mwingine aliyefika huko. Alikuwa ameomba nafasi ya kusomea udaktari katika chuo kikuu kule Uganda. Aliomba pia nafasi katika chuo cha ualimu.

Siku hiyo tarishi wa misheni alileta barua mbili. Amoni aliifungua ya Uganda kwanza. Akaisoma. Wakati huo wazazi wake walikuwa wanarudi kutoka shambani na vikapu vyao.

"Wamesemaje?" Yonasi aliuliza.

"Wamesema ningoje, Baba. Nafasi zimejaa. Mtu akipungua, huenda wakaniita."

"Basi wamekuchukua!"

"Hawajanichukua."

"Basi wamekukataa."

"Hawajanikataa pia."

Yonasi alivua kofia yake. "Mambo gani haya? Ng'ombe yuko zizini, au yuko nje."

"Na barua ya pili?" Roda aliuliza.

"Chuo cha ualimu wamenikubali, Mama. Wanataka jibu kabla mwezi haujaisha."

"Usiwajibu," Yonasi alisema. "Mshika mbili moja humponyoka. Watu wa Uganda wakisikia umekwenda kwingine, watasema huwataki. Wewe ngoja."

Amoni akangoja. Kila tarishi alipopita, alikimbia barabarani, kisha akarudi mikono mitupu. Aliacha kuzungusha mashine. Kahawa ilianza kuchacha ndani ya vikapu. Alilala mchana, na alipoitwa kula alisema ameshiba. Vijana wenzake walikuwa wamekwisha kumwita "Daktari". Sasa alipita njia ya nyuma ili asikutane nao.

Yonasi naye hakutulia. Alimfunga kamba beberu wake mkubwa. Alisema atampeleka Mbeya awe zawadi kwa Bwana Elimu, mkubwa wa shule za jimbo, ili amsemee mwanawe.

Roda aliona mwezi unakwisha. Alikwenda kwa jirani yao, Mwalimu Ferista, aliyefundisha katika shule ya wasichana ya misheni. Jioni Mwalimu Ferista alipiga hodi. Amoni akamletea kigoda.

"Baba Amoni, beberu huyu anasafiri?" Mwalimu aliuliza akitabasamu.

"Anakwenda kwa Bwana Elimu."

"Bwana Elimu atakushukuru, atakurudishia beberu wako, na Amoni atabaki palepale. Sikilizeni niwaeleze. Kila mwaka pale shuleni tunachagua wasichana. Wanaofaa ni wengi, vitanda ni vichache. Wengine tunawaita. Wengine tunawaambia wangoje. Shule ikifunguliwa, mmoja wa walioitwa anaumwa, mwingine wazazi wake wamehama. Ndipo tunamwita aliyekuwa akingoja. Lakini iko miaka ambayo wote huja, na hatumwiti mtu."

"Kwa hiyo kungoja si ndiyo wala si hapana," Yonasi alisema polepole.

"Umesema vema. Basi usiishi kama umepewa ndiyo, wala usilie kama umepewa hapana."

Amoni aliinamisha kichwa. "Mwalimu, niambie kweli. Mimi sikutosha?"

"Ulitosha. Vitanda ndivyo havikutosha. Mimi nimekaa katika chumba cha kuchagua, mwanangu. Msichana wa mwisho kuingia na wa kwanza kubaki nje hawapitani hata kidogo. Huwa naona uchungu kuwatenganisha."

Amoni akainua uso wake.

"Sasa nifanye nini?"

"Waandikie Uganda leo. Barua fupi. Washukuru, sema bado unaitaka nafasi, na uwaeleze jambo jipya ulilolifanya tangu ulipoomba. Kisha usiwasumbue kila wiki. Na chuo cha ualimu wajibu kwamba unakwenda."

Yonasi alikunja uso. "Huko si kushika mbili?"

"La, Baba Amoni. Moja ameshapewa mkononi. Nyingine ameambiwa angoje. Akiiacha ile ya mkononi, atabaki na nini?"

"Lakini akiitwa Uganda baadaye, si atakuwa amewadanganya wale wa ualimu?"

"Akiitwa, awaandikie siku hiyohiyo. Wapo vijana wengine wanaongoja nafasi hiyo. Kukaa kimya ndiko kubaya."

Yonasi aliinuka. Alikwenda uani, akamfungua beberu wake.

Amoni aliandika barua zote mbili. Yonasi alitaka aeleze pia habari za babu yake, jinsi alivyomuua chui kwa mkuki. Mwalimu Ferista alicheka. "Chui tumwache, Baba Amoni. Hawakuuliza habari zake."

Kesho yake Amoni aliosha vikapu, akarudi kwenye mashine. Vijana walipopita na kumwita "Daktari", aliwajibu, "Bado! Nimeambiwa ningoje. Kwa sasa nakwenda kusomea ualimu." Hakuna aliyecheka. Mmoja alimwomba amfundishe hesabu.

Siku ya kuondoka ilipofika, Amoni alipanda lori pale Mlowo na sanduku lake. Roda alimpa mahindi ya kuchoma. Yonasi alimshika mkono, akasema, "Nenda ukasome kwa nguvu. Usiende kama mtu aliyetupwa."

Amoni alisoma kwa nguvu. Muhula wa pili alipelekwa kufundisha watoto katika shule ya jirani ili ajifunze kazi. Huko ndiko barua ya Uganda ilikomfuata. Ilisema kwamba mwaka huo walioitwa wote walikuja, na aliyengoja hakuitwa. Anaweza kuomba tena mwaka ujao.

Iliuma. Amoni aliisoma mara mbili akiwa amesimama mlangoni. Aliamua kwamba ataomba tena. Kisha aliitia barua mfukoni, akaingia darasani.

"Mwalimu," aliita msichana mmoja, Aida, "hesabu hii ya sehemu imenishinda."

Amoni alichukua chungwa, akalikata vipande vinne sawasawa. Akampa vitatu, kimoja akakiacha mezani. "Kimebaki kiasi gani cha chungwa hapa mezani?"

Aida alitazama mezani. Alitazama mikononi mwake. Uso wake ukang'aa.

"Robo!" alipaza sauti. Akamgeukia mwenzake na kumwonyesha, "Ona, mimi nina robo tatu. Ngoja nikueleze."