Kipande Kisichopakwa Rangi

Kwanza ilikuwa harufu. Sogeeni, na mwoga akae katikati. Mchora mabango alikuwa juu ya ngazi kwenye ukumbi wa maonyesho, anaandika USIGUSE kando ya ile picha iliyougombanisha mji mzima, akasikia harufu ya nywele zinazoungua. Akageuka. Hapakuwa na mtu wala moto. Picha tu.

Na picha yenyewe sasa! Wekundu mtupu, pembe hadi pembe, na katikati kipande cheupe kama kiganja, hakikuguswa na brashi. Huko nje watu walikuwa wamekabana makoo.

"Hazina ya taifa hiyo!"

"Hazina gani? Mtu kafutia brashi kaenda zake!"

Redioni hivyo hivyo. Kwa kinyozi kuna mtu alitoka na nywele upande mmoja, kinyozi kasusa, hawezi kumnyoa mjinga.

Aliyesifiwa kwa picha hiyo ni mdogo wake huyu wa ngazini, tumbo moja. Kaka ndiye aliyemfundisha kushika brashi, tena kwa makofi. Leo mdogo mtu ni bingwa, na kaka mtu bado anawachorea wauza nyama kichwa cha ng'ombe. Wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki; mtu akisifu, yeye anakohoa.

Sasa, mchora mabango haachi ubao mtupu hata wa kuwekea kidole, maana mteja atasema umemwibia rangi. Akakitazama kile kipande cheupe, akacheka. "Bingwa mzima, kazi hakumaliza!" Akachovya brashi kwenye rangi ileile ya USIGUSE, akakiziba.

Jioni mdogo wake aliingia kwake mbio, kiatu mguu mmoja.

"Kaka," alinong'ona, "umegusa?"

"Nimekusaidia. Ulisahau."

"Sikusahau. Ule ni mlango wake. Mchana hutoka kwenda kusikiliza watu wanavyomsifu, kisha hurudi ndani kulala."

"Nani?"

"Anayechora. Kwani ulidhani ni mimi? Si wewe uliyesema mikono yangu mizito?"

"Basi nenda kafute!"

"Nimefuta mpaka turubai imechanika. Harudi tena. Anatafuta nyumba nyingine."

Mke wa kaka mtu akainua kichwa jikoni, akauliza kwa sauti ndogo nani anaunguza nywele, na kabla hajajibiwa ile harufu ikapenya chini ya mlango, ikatambaa sakafuni taratibu kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, ikampita yeye, ikampita mdogo mtu aliyekuwa amejibana ukutani, ikapanda goti la mumewe hadi begani, ikashuka mkono wa kulia, ikaingia chini ya kucha moja baada ya nyingine, na vidole vikaanza kuchezacheza vyenyewe.

Kesho yake kaka mtu alikwenda kuchora ng'ombe. Mkono ukachora weusi na manjano, hakuna pembe wala mkia. Muuza nyama akafungua mdomo atukane, akalia. Watu wakajaa, barabara ikaziba, mabishano yakahamia buchani. "Bingwa ndiye huyu! Yule mdogo alikuwa anamwiga tu!"

Akaletwa mganga. Akaushika ule mkono, akauachia upesi. "Huyu hatoki," alisema. "Hajawahi kusifiwa hivi."

Siku moja mkewe alimkuta jikoni. Nje watu wanaimba jina lake, wanagonga madirisha, yeye kaulaza mkono wa kulia mezani, kauinamia.

"Waambie mimi nimechora," alikuwa anaunong'oneza. "Hata moja. Moja tu."

Ndipo mkewe alipoona kisu katika mkono wake wa kushoto.

"Baba watoto! Huo si mkono wako mwenyewe?"

"Wangu?" Hakuinua macho. "Hebu wasikilize huko nje. Wanampenda nani?"

Na pale mezani, polepole, vidole vikajikunja vikawa ngumi.