Jani Lililokuwa Chini ya Usukani

Lori la Filemon lilikataa kupiga stata asubuhi ya Jumatano, na hilo peke yake lisingemshtua Ildefonce, maana fundi umeme wa magari anakula kwa sababu magari yanakataa. Kilichomshtua ni harufu. Kabini ya mwanamume asiye na mke wala mtoto, anayebeba mpunga wa Chekereni mwaka mzima, ilinukia mafuta ya mgando, yale ambayo mama humpaka mtoto usoni kabla ya kumpeleka shule.

Jana yake Ildefonce alikuwa amelifunga rimoti ya kuwashia. Filemon alichoshwa na baridi ya Juni. Alitaka abonyeze kitufe akiwa bado na kikombe cha chai mkononi, injini ipate moto yenyewe. Wakati wa kupitisha waya chini ya usukani, Ildefonce alikuta jani la isale lililokauka, limefungwa fundo. Yeye ni Mchagga, isale alizaliwa akaikuta: ndiyo inayozunguka makaburi ya babu zake, na ndiyo mkosaji anayoibeba akienda kuomba radhi. Lakini Ildefonce alikuwa ameokoka mwaka juzi, na mtu aliyeokoka juzi humwona shetani hata kwenye mboga. Akalikata, akalikemea, akalitupa kwenye jiko la mkaa ambalo mkewe Stella alikuwa anapikia uji wa mtoto. Alidhani amemtendea mteja wema, na wala hakumwambia.

Mtoto huyo ni Digna, miaka sita, wa pekee, aliyepatikana baada ya miaka kumi na moja ya kungoja na kulia. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo alishinda uani, kati ya jiko la mama na gereji ya baba, pale pale Shirimatunda.

Ildefonce alianzia pale kila fundi anapoanzia. Betri zote mbili zilikuwa zimejaa. Fyuzi zilikuwa nzima. Waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye bodi, aliusugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Akaing'oa rimoti yote, akarudisha nyaya kama zilivyokuwa, akageuza ufunguo. Kimya. Halafu chini ya kiti cha abiria akasikia ko, ko, ko, kama visigino vya mtoto aliyechoka kungoja safari. Aliinua kiti, asione kitu.

Akaingia uvunguni na bisibisi, akaunganisha vichwa viwili vya stata ili umeme upite moja kwa moja. Injini ikazunguka nusu, ikasita. Wakati huo huo Stella aliita kutoka uani. Digna alikuwa ameanguka, midomo imekuwa ya bluu, hapumui. Baada ya muda akavuta pumzi na kuuliza uji wake uko wapi. Zahanati walipima malaria, hawakuiona.

Mchana fundi akajaribu tena. Injini ilizunguka zaidi kidogo, na Digna akakata pumzi kwa muda mrefu zaidi kidogo.

"Baba Digna," Stella alisema kwa sauti ya chini, akimkumbatia mtoto, "kila ukiligusa hilo lori, huyu anaondoka."

Alimwambia mkewe aache mambo ya giza. Kisha akafanya jambo ambalo hatajisamehe: alirudi uvunguni, akagusisha bisibisi mara moja tu, kufumba na kufumbua, ili ahakikishe. Kilio cha Stella kilimfikia kabla hajatoa mkono.

Alizitoa betri, akazifungia stoo. Jioni alimpakata Digna, naye mtoto akawa anatazama lori kupitia dirishani, miguu yake ikigonga ubao wa kiti.

"Monica anasema tukae mbele," alisema. "Anasema likiwaka tu, tunaenda."

Hawakuwa na mtu wanayemjua kwa jina hilo. Ildefonce alitoka nje kumpigia Filemon, akamsalimia, akazungukazunguka, mwisho akamuuliza kuhusu jani alilowahi kuliona chini ya usukani. Filemon akasimulia, polepole, kwamba miaka sita iliyopita alikuwa anapakia ndizi Kirua Vunjo, uani kwa bibi mmoja aitwaye Theopista, akarudi nyuma bila kutazama, akamkanyaga mjukuu wa bibi, Monica, ambaye kila siku alilililia lile lori apandishwe. Alipeleka isale akapiga magoti, na bibi, katika machozi, akaipokea, akaifunga fundo kwa mkono wake na kumwamuru aiweke ndani ya lori isitoke, ili mtoto atulie asije akatafuta wa kusafiri naye.

"Mbona unauliza, mbe? Si lipo?"

"Lipo," Ildefonce alijibu. Aliona aibu, na aibu ndiyo iliyomfunga mdomo.

Alfajiri alichuma isale mbichi, akamwambia Stella anakwenda kutafuta spea, akapanda Kirua Vunjo katika ukungu uliolala juu ya migomba, na njia nzima, kila gari lililopunguza mwendo nyuma yake, kila pikipiki iliyopigwa teke ikawaka kando ya barabara, alihesabu pumzi za mwanawe kichwani kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa anazivuta kwa niaba yake, huku harufu ya mafuta ya mgando ikimfuata ndani ya ukungu ule mpaka mlangoni pa nyumba aliyoelekezwa. Alipokelewa na mzee Remigius, mtoto wa bibi Theopista. Ildefonce alimwamkia, akapiga magoti, akanyoosha jani kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza akasema yote.

Mzee alilitazama jani bila kunyoosha mkono.

"Ningelipokea, mwanangu. Lakini isale hupokelewa na aliyekosewa, na fundo lile lilikuwa la mama. Tulimzika wiki moja baada ya Pasaka." Akamwonyesha kaburi katikati ya migomba. "Filemon anajua ulilichoma?"

"Hajui."

"Mwambie sasa hivi. Lori hilo lisiwashwe tena na mtu yeyote."

Pale kihambani, kwenye shamba la ukoo, hapakuwa na mtandao. Ildefonce alikimbia kupanda hadi barabarani, jani bado mkononi, na kabla hajabonyeza kitu, simu ikaita. Alikuwa Filemon, na alikuwa na furaha.

"Fundi, usihangaike tena. Mama Digna alinifungulia geti asubuhi, akashukuru kabisa naliondoa. Nimelivuta hadi Chekereni, fundi wa huku kaweka betri zake, limewaka mara moja tu. Sikiliza." Injini ilinguruma sikioni mwake, nzito, isiyo na kasoro.

Ildefonce alitaka kusema, "Zima!" Filemon aliendelea kabla neno halijatoka.

"Ila mbona hukuniambia Digna amebaki humu? Nipo hapa nje, namwona kupitia kioo cha mbele, amekaa anacheka. Na huyo mwenzake ni wa nani?"

Simu ikatetemeka kiganjani. Stella alikuwa anapiga. Ildefonce aliliangalia jina la mkewe kwenye kioo cha simu, likiwaka na kuzimika, akaiacha iite, kwa sababu mpaka atakapoipokea, Digna bado alikuwa nyumbani na mama yake.