Vikombe Vitano vya Mzee Miyasaka

Sayoko Miyasaka alimkuta baba mkwe wake amelala kifudifudi karakanani, Jumapili saa moja asubuhi, alipompelekea supu ya miso. Kichwa kilikuwa kimepasuka kwenye pembe ya jiriwa, kibano cha chuma cha mezani, na damu ilishaganda sakafuni. Alizima jiko la mafuta ya taa. Akapiga simu polisi. Kisha, na hapa ndipo alipojitia kitanzini mwenyewe, akarudi jikoni, akamwaga ile supu, akaosha bakuli na kulirudisha kabatini.

Hakulia.

"Hata chozi moja!" Inspekta Karasawa alisema, akipuliza viganja vyake kwa baridi. "Momose, mtu akifiwa analia. Asipolia ana lake jambo. Mlango haujavunjwa, hakuna kilichoibwa, na ndani ya nyumba wanaishi watu wawili tu. Mmoja kafa. Sasa wewe unataka nimtafute nani, zimwi?"

Momose Kengo, mpelelezi wake, aliyajua macho makavu. Mwaka jana mkewe alifariki usiku, na asubuhi yake Momose alikula mkate, akaja kazini, akaandika ripoti ya baiskeli iliyopotea. Watu wakamsifu kwa moyo wa subira. Subira gani! Alikuwa amekufa ganzi tu, na ganzi hiyo ilikuwa haijamtoka. Lakini yeye mwanamume na ana kitambulisho cha polisi, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza machozi yake yako wapi.

"Nakupa mpaka Jumatano, mazishi yakiisha," Karasawa alisema. "Baada ya hapo namtia ndani yule mama."

Momose alimkuta Sayoko jikoni, mikono magotini, chai mbele yake haijaguswa. Mumewe, mwana pekee wa mzee Tokuji, alikufa barabarani kwenye barafu miaka miwili nyuma. Tangu hapo mkwe na baba mkwe walibaki pamoja humo ndani, mji wa Okaya mzima ukisubiri kuona nani atamchoka mwenzake kwanza.

"Mama, jana jioni ulikuwa wapi?"

"Kazini. Nahudumia wazee kwenye makao kule ng'ambo ya ziwa. Nilirudi saa nne usiku. Taa ya karakana ilikuwa inawaka, nikajua anafanya kazi. Huwa simsumbui."

"Mlikuwa mkigombana?"

"Kuhusu nini? Tulikuwa hatusemi sana, afande. Si kwa ubaya. Maneno yalikwisha tu."

"Na supu ulimwaga kwa nini?"

Sayoko alifikiri kwa dhati, kama mtu aliyeulizwa njia. "Ilikuwa imepoa," alisema.

Loo! Ukitaka kumfunga mtu, jibu hilo peke yake latosha. Momose hakuliandika.

Karakana ilikuwa chumba kidogo kilichojaa bisibisi nyembamba na lenzi za watu. Juu ya meza ilikaa kamera ya mzee mwenyewe, ile aina ya zamani: ukichungulia kidirishani unaona sura mbili za kitu kimoja, unazungusha lenzi mpaka sura zikutane, basi hapo ndipo picha itakapotoka safi. Momose aliimulika lenzi kwa tochi. Ndani, kuanzia ukingoni, kulikuwa na ukungu mweupe ulioingia kati ya vioo.

"Mzee alikuwa fundi wa lenzi, na yake mwenyewe imeota ukungu?"

"Kinyozi hajinyoi," Karasawa alisema. "Twende tukale."

Siku ya pili Momose alimtembelea Hirabayashi, mnunuzi wa kamera kuukuu kutoka Matsumoto. Majirani walimsikia akipiga kelele kwa marehemu Jumamosi mchana. Alimkuta mkono umefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko.

"Kabla hujauliza," Hirabayashi alisema, "nilitoka pale saa tisa, nikateleza kwenye barafu mbele ya stesheni, nikakaa hospitali mpaka usiku nikingoja kuungwa mfupa. Waulize manesi. Wananikumbuka, maana nilitukana sana."

"Mlikuwa mkigombania nini?"

"Lenzi yake. Ni mbili tu duniani, ndugu yangu! Kiwanda chao kilipofungwa, kila mmoja alipewa moja, yeye na rafiki yake Ogiso. Lenzi za majaribio, pacha, hazina hata namba. Ya Ogiso sijaruhusiwa kuigusa. Ya Tokuji niliinua nikaitazama dirishani, nikakaribia kulia. Safi kabisa, kama maji ya mlimani. Nikamwambia taja bei. Akasema ndiyo iliyopiga picha za mwisho za mwanawe, niondoke. Ndipo nikapaza sauti. Najuta, lakini ndiyo hivyo."

"Safi kabisa? Jumamosi hiyo hiyo?"

"Nina mkono mmoja, afande, lakini macho ninayo mawili."

Momose aliagana naye akashuka ngazi polepole. Lenzi iliyokuwa safi Jumamosi mchana haiwezi kuota ukungu ikifika Jumapili asubuhi. Hakuna kilichoonekana kuibwa, kwa sababu kilichoibwa kiliachiwa pacha wake mahali pake.

Jumatano, mazishini, Ogiso Yasuhei alilia kuliko wote. Alikuwa mzee wa miaka sabini na minane, aliyeng'arisha vioo kiwandani wakati Tokuji akiviunganisha. Alilia mpaka akashikwa mabega asiangukie vijiti vya ubani, na wanawake wa mtaa walipomwona walianza kulia upya. Kisha wakamgeukia Sayoko, aliyekuwa akiinamia wageni mmoja mmoja kwa macho makavu, wakanong'onezana. Karasawa alikuwa mlangoni, pingu mfukoni.

"Saa moja tu, bosi," Momose alisema.

Waliingia karakanani watano: Karasawa, Momose, Sayoko, Hirabayashi na mkono wake, na Ogiso, aliyeombwa aje na kamera yake. Momose alimwambia Sayoko apange vikombe jinsi alivyokuwa amemsimulia, kama Tokuji na Ogiso walivyozoea kila Jumapili. Sayoko akatoa vikombe vitano vidogo vya sake, pombe ya mchele, akavipanga mezani mshazari, kila kimoja nyuma kidogo ya mwenzake.

"Jumapili zote ni hivi," alisema. "Wanalenga kikombe cha katikati, kisha wanatazama kipi kimetoka safi. Wanalinganisha lenzi, wanagombana, wanakunywa."

"Mzee Ogiso," Momose alisema, "mara ya mwisho kuja hapa ni lini?"

"Jumapili ya wiki ile. Jumapili hii nilikuja saa nne kama kawaida, nikawakuta ninyi." Akajifuta macho.

"Na hiyo lenzi iliyoko kwenye kamera yako?"

"Yangu! Ya nani tena, kijana? Haijatoka kwenye kamera hii tangu kiwanda kifungwe."

"Hata siku moja?"

"Hata nukta moja."

"Basi tafadhali lenga kikombe cha katikati."

Ogiso alichungulia, akazungusha mpaka sura mbili zikawa moja. Mkono wake ulikuwa imara ajabu kwa mtu aliyetoka kulia. Hirabayashi alifungua mgongo wa kamera, akaegesha kipande cha kioo kilichosuguliwa, cha kunasia sura, pale inapokaa filamu, kisha akampa Karasawa kioo cha kukuzia.

"Kipi kinaonekana safi?"

"Cha nne," Karasawa alisema. "Cha tatu kina utusitusi."

Walifanya vivyo hivyo kwa kamera ya marehemu na ile lenzi ya ukungu. Safari hii kilichotoka safi ni cha pili. Karasawa aliacha kutafuna kijiti chake cha meno.

"Zibadilishe," Momose alisema.

Hirabayashi alielekeza kwa mkono wake mzima, Sayoko akazifungua lenzi na kuzifunga. Kamera ya marehemu ikapewa lenzi ya Ogiso: kikombe cha tatu, wazi mpaka ufa wake mdogo ukaonekana. Kamera ya Ogiso ikapewa lenzi ya ukungu: cha tatu tena, hafifu lakini ndicho chenyewe. Kila lenzi ilikuwa imerudi kwenye kamera yake.

"Upuuzi!" Ogiso alisimama. "Kiwango ni kiwango! Tumezitengeneza kwa kipimo kimoja, zinakaa kwenye kamera yoyote! Miaka yote namwambia Tokuji, yeye na hadithi zake za kuoanisha kila lenzi na kamera yake. Yangu haijaguswa na fundi, na picha zangu zilikuwa safi kuliko zake! Kwa kiwango cha kiwanda tu!"

"Iliguswa," Sayoko alisema.

Wote walimgeukia. Sauti yake haikupanda wala kushuka.

"Ulipompa aisafishe, mara ya kwanza kabisa. Aliitilia pete nyembamba ya shaba ndani, ikakubaliana na kamera yako. Alinionyesha. Nikamuuliza mbona hukumwambia. Akasema, mwache, anafurahi sana akishinda."

Ogiso alikaa. Hakulia tena. Lo, macho yalikauka kama bomba lililofungwa.

"Vioo vyote viwili niliving'arisha mimi," alisema. "Kwa viganja hivi. Changu gundi yake imeoza, kimekufa. Daktari naye kaniambia sina mwaka. Nilitaka nife nikiwa nacho kimoja kinachoona. Chake alikuwa akikitoa kabatini kila asubuhi, akikipangusa na kukirudisha. Kutwa mwanawe, mwanawe! Jumamosi jioni nikamwambia tubadilishane, hakuna atakayejua. Akasema hapana, akaikumbatia kamera. Nikavuta. Hakuachia, nikamsukuma... sikujua jiriwa iko nyuma yake."

"Alikuwa hai ulipobadilisha lenzi?" Momose aliuliza.

Mzee alitazama vikombe. "Alikuwa anapumua," alisema.

"Muda gani?"

"Mpaka nilipomaliza kuifunga."

Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hakuna anayetegemea kikae kando yako kikikaza skrubu. Karasawa alimshika Ogiso mkono bila pingu, akamtoa nje taratibu. Hirabayashi akawafuata, akisahau kofia yake.

Karasawa alirudi peke yake. Alisimama mbele ya Sayoko akainama, chini kabisa, akakaa hivyo kwa muda mrefu.

"Nilikukosea, mama. Naomba radhi. Mambo yamekwisha, hakuna atakayekusumbua tena. Uko huru, nenda nyumbani ukapumzike."

Sayoko alikuwa ameshaanza kukusanya vikombe. Alisimama, kimoja kikiwa kiganjani, akawatazama mmoja baada ya mwingine, kwa upole tu, kama anayetaka kuelekezwa.

"Nyumbani ni hapa, afande," alisema. "Nipumzike na nani?"