Sentensi ya Barafu Ubaoni

Walikutana wakigombana. Duka la fotokopi lilikuwa limejaa mpaka mlangoni, na fundi mmoja wa friji, ovaroli lake la buluu limelowa jasho mgongoni, akapenya mbele ya mwalimu wa Kiingereza aliyeshika mtihani wa kudurufu.

"Kaka, foleni inaanzia nyuma yangu."

"Samahani dada, nina karatasi moja tu."

"Hata mimi ninayo moja. Nataka itoke mara arobaini."

Fundi akacheka, akarudi nyuma. Karatasi yake ilikuwa fomu ya kuomba kazi kwenye hoteli kubwa, yote kwa Kiingereza. Mwalimu akamsaidia kuijaza. Wiki iliyofuata fundi akajiandikisha kwenye darasa lake la watu wazima, la kila Jumamosi, ajiandae kwa usaili. Wenzake wakambandika jina la Barafu. Haikupita miezi minne, mwalimu akawa hawezi kuianza siku kabla hajaisikia sauti yake kwenye simu.

Ijumaa moja Barafu alimtumia ujumbe wake wa kwanza wa Kiingereza: "I love you hardly."

Mwalimu alicheka peke yake mpaka machozi yakamtoka, kwa furaha. Akampigia.

"Mpenzi, kesho utakuja darasani?"

"Kesho siji, laazizi. Friji la bucha limekufa."

Kesho yake somo lilikuwa vielezi vya namna. Mwalimu akaeleza kwamba hivyo ndivyo vinavyoonyesha kitendo kimefanyikaje: "slow" huongezewa herufi ikawa "slowly", "careful" ikawa "carefully".

"Lakini 'hard' iacheni kama ilivyo," alisema. "Ukiiongezea, maana inageuka."

Mfano alikuwa nao kichwani tayari. Akaiandika ubaoni sentensi ya Barafu, neno kwa neno.

"Huyu alitaka kusema anapenda kwa nguvu zake zote. Kumbe amesema anapenda kwa shida, karibu hapendi."

Darasa zima likaangua kicheko. Hakuna aliyeuona mlango wa nyuma ukifunguliwa. Barafu alikuwa amemaliza kazi ya bucha mapema, akaoga, akavaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaja.

"Mwandishi ni mimi," alisema polepole. "Aliyeandikiwa ni huyo mwenye chaki. Endeleeni kucheka."

Akaondoka. Jumatatu mkuu wa kituo cha masomo akamkabidhi mwalimu barua ya onyo kwa kuwa na uhusiano na mwanafunzi. Siku tisa mwalimu alipiga simu, Barafu hakupokea. Siku ya kumi akamfuata karakanani kwake, gauni la kijani, uso umevimba kwa hasira.

"Mtu mzima unakataa kupokea simu?"

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema Barafu bila kuinua kichwa.

"Sikutaja jina. Wewe ndiye uliyetutaja, na sasa kazi yangu inaning'inia."

"Sentensi ile niliitunga siku mbili, nikipekua kamusi. Nilikuandikia wewe, sikuuandikia ubao."

"Niliipenda, ndiyo maana—"

"Ulilipenda kosa. Basi leo sentensi ni sahihi. Nakupenda kwa shida."

Mwalimu akatua mkoba juu ya friji bovu.

"Nilikosa," alisema, sauti bado kali. "Jumamosi nitasimama palepale niwaambie hivyo, mkuu awepo asiwepo. Lakini na wewe ulikosa. Ungenisubiri nje, ukanifokea mimi peke yangu."

Barafu alikaza skrubu mpaka ikakatika.

"Nilitaka na wewe uumie."

"Niliumia."

"Usaili wa hotelini ulikuwa jana. Sikwenda. Kila nikifungua mdomo kwa Kiingereza nasikia kile kicheko."

Hapo mwalimu akakaa juu ya kreti, akalia bila kujificha. Barafu akafuta mikono, akavuta kreti nyingine, akakaa karibu yake. Hakumgusa.

"Tutawaandikia," alisema mwalimu. "Tuwaombe siku nyingine."

"Nitaandika mwenyewe. Wewe utasoma, na hutamwonyesha mtu."

"Sitamwonyesha mtu."

Nje mtu alikuwa akigongagonga bati.

"Jumapili nakwenda kwa mama," alisema Barafu. "Nilishamwambia nitamletea mchumba. Ila bado nina hasira."

"Hata mimi ninazo."

"Basi twende nazo."