Mume Wangu Alikana Sheria Aliyonifundisha

Nina miaka thelathini na miwili, ninakaa na mwanangu Furaha kwa mama yangu hapa Kasongo, na jicho langu la kushoto halioni tena. Msidhani nilizaliwa hivi, wasomaji wenzangu...

Niliolewa Salamabila na Amisi, mchimba dhahabu. Mgeni mmoja aliyekuja kutengeneza daraja aliwafundisha vijana wa machimbo besiboli, mchezo wa kupiga mpira kwa rungu kisha kukimbia kukanyaga vituo vinne. Amisi akawa kocha. Mimi akanifanya mwamuzi, maana nina mdomo na siogopi kubishana na wanaume. Jioni alipanga mihogo uani kama vituo, tukarudia sheria mpaka mboga ya sombe inaungua jikoni!

Sheria moja ilinisumbua. Mkimbiaji akipita kituo bila kukigusa, mwamuzi ananyamaza. Mkimbiaji anaweza kurudi kukigusa, lakini si baada ya mwenzake wa nyuma kufika nyumbani, yaani kituo cha nne. Wapinzani wakiwa wameona, wanapeleka mpira kwenye kituo kile na kudai, ndipo mwamuzi anasema alichoona, na mkimbiaji anahesabiwa ametoka. Amisi ndiye aliyenieleza hayo kwa mdomo wake!

Siku ya fainali, timu ya Kasongo, mji niliozaliwa, ilikuja Salamabila. Salamabila walikuwa nyuma kwa alama moja, na akitoka, yaani akiondolewa mchezoni, mtu wao mmoja tu, mchezo umekwisha. Kalume alikuwa kituo cha kwanza. Mwenzake akaupiga mpira mpaka migombani... Kalume akakimbia, akapita pembeni mwa gunia la mchanga lililokuwa kituo cha pili. Niliona wazi, nikanyamaza. Akafika nyumbani, mwenzake akafuata. Shangwe!

Kumbe mchezaji wa Kasongo naye aliona. Akapokea mpira uliorudishwa kutoka migombani, akakanyaga gunia, akaniita. Kalume aligeuka mbio kurudi, lakini alikuwa amechelewa. Nikainua ngumi: ametoka. Alama zote mbili zikafutwa, maana mchezo ulikwisha pale alipotoka Kalume, na Kasongo wakawa wameshinda.

"Arbitre, uliona ao hukuona?" Kalume akafoka.

"Niliona."

"Na ulinyamaza? Umetuuzisha kwa watu wa kwenu!"

Watu walikuwa wamelewa lotoko. Nikamgeukia mume wangu. "Baba Furaha, waambie! Wewe unaijua sheria."

Amisi akatazama marungu mikononi mwao, akainama. "Ile sheria haiko," akasema. "Mie sikumufundisha vile."

Ee Mungu wangu! Rungu la kwanza, la Kalume, lilinivunja mkono, la pili likanipata usoni. Nikaanguka. Wakanikanyaga tumbo, mgongo, mdomo ukajaa damu na meno... Nilimwita mume wangu kwa jina. Hakuja! Walioniokoa ni wachezaji wa Kasongo, na mmoja wao alipasuliwa kichwa kwa ajili yangu.

Amisi alikuja hospitali na mchuzi wa kuku, analia. Nilimuuliza kama aliisahau ile sheria.

"Niliijua, mama Furaha. Niliogopa watanipiga mie."

Nikamwambia aondoke na mchuzi wake.

Dada zangu, mkipewa kazi ya kuamua kati ya watu, elezeni sheria hadharani kabla ya kuanza, kila mtu asikie. Msimwachie mtu mmoja awe shahidi wenu, hata akiwa bwana wenu! Mimi nimelipa kwa jicho...

Wazee wa Amisi wanakuja kila mara kuniomba nirudi. Nawaambia kwamba Kalume nimemsamehe, maana hakuijua sheria. Amisi aliijua. Kwake sirudi!