Panga za Mbao

Bunia, mtaa wa Rwambuzi, chumba cha nyuma cha fundi viatu. Jumamosi, saa kumi alasiri.

Lambert alichora ngome mezani kwa chaki. Hapa lango. Hapa ukumbi. Hapa chumba cha silaha. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wao, na alipenda kusikilizwa. Kasereka, dereva wake, alitafuna muhogo. Falone alisimama ukutani. Hakuwa jambazi, Falone. Alikuwa mtumishi wa kike wa Château, na ufunguo wa chumba cha silaha ulining'inia kiunoni mwake.

Sasa nikueleze hiyo Château, maana vita ina vituko vyake. Muzee Hubert, tajiri wa dhahabu, aliziona ngome za wafalme wa kale huko Ulaya, akarudi na kichaa. Akajenga hoteli yenye minara na joka la bati juu ya lango, humuhumu Bunia, watu wakiuana nje. Kila Jumapili mchana madirisha yalifunikwa vitambaa vyeusi, mishumaa ikawashwa. Mgeni akiingia alisalimisha bunduki, akapewa joho, taji na upanga wa mbao. Aliitwa Duke, aliitwa Baron. Alikula mbuzi kwa mikono. Na kabla ya kikombe kumfikia ilimbidi asimame ajigambe, ataje tendo lake moja la kishujaa. Asiyejigamba hanywi. Aliyejigamba kuliko wote alikaa kwenye kiti chekundu kando ya Muzee Hubert mpaka mwisho wa karamu. Makomanda waliipenda hoteli hiyo kuliko mama zao.

Komanda Rémy alikuja kila Jumapili na sanduku la dhahabu. Hakuwaamini askari wake, kwa hiyo lilitembea naye, na hapo hotelini likawekwa chumba cha silaha pamoja na bunduki.

Mpango ulikuwa mwepesi. Lambert aingie kama mgeni, mchuuzi wa samaki wa Mahagi-Port. Walinzi wa makomanda wangekuwa nyuma ya ua na pombe yao, kama kawaida. Yeye awashike wageni kwa hadithi ndefu ya nyati, Falone afungue chumba cha silaha, na Kasereka apakie sanduku kwenye gari ya makala, yaani ya mkaa, mlango wa jikoni. Kisha Lambert atoke kama anayekwenda kukojoa, na Falone awafungie wengine ndani.

"Na Rémy?" Falone akauliza.

"Nilikuambia. Njo yeye alichoma Dhego. Tukimaliza, iko yako," Lambert akasema.

Hilo ndilo lililomleta Falone. Miaka miwili nyuma watu wenye bunduki waliingia Dhego, kijiji chao huko Djugu, yeye akiwa shambani. Wakawasukuma watu kanisani, wakafunga, wakawasha moto. Mama yake alikuwamo, na mgongoni mwa mama yake Ketsia, mtoto wa Falone mwenyewe, bado ananyonya. Aliporudi aliukuta mchi wa mama yake umepitishwa kwenye vipete vya chuma vya mlango wa kanisa, umeungua nusu. Mchi huo hakumtajia binadamu, hata Lambert. Alibaki na haja moja tu duniani: mkono ule ulioupitisha.

Jumapili, saa saba mchana.

Lambert aliingia langoni amenyoa ndevu. Falone akampokea bastola, akamfunga joho la zambarau, akampa upanga wake wa mbao. Hawakutazamana.

Saa nane Rémy akasimama, taji limemkaa upande. Akasema ndiye aliyechoma Dhego, kanisa zima, kwa mkono wake. Wageni wakapigapiga meza. Muzee Hubert akamkalisha kwenye kiti chekundu. Falone akainua jagi, akammiminia. Kumbe Lambert alisema kweli, akawaza. Alimchukia Rémy hadi meno yakamuuma.

Zamu ya Lambert ikafika. Akaanza nyati wake. Nyati akanywa maji, nyati akageuka, na ukumbi ukaanza kupiga miayo. Kule jikoni sanduku lilikuwa tayari linatoka. Alichotakiwa ni kumsukuma nyati dakika chache zaidi.

Rémy akacheka. Akauliza kama huyu Duke aliwahi kuua kitu kisicho na mkia. Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Mtu huweza kuvumilia kuibiwa ng'ombe. Kuibiwa sifa, hapana. Lambert akaweka upanga mezani, uso umemwiva.

"Komanda, ile mulango ya Dhego ulifungaka na nini?"

"Na kufuli."

"Uko muongo. Kufuli haikukuwako. Nilikamata muchi ya mama moja, nikaipitisha mu vipete. Alikuwa ananiomba nimutoe mutoto ya ku mugongo. Nikamuambia abakie naye."

Makofi yakalipuka. Wengine wakaanza kupiga kelele kiti kibadilishwe.

Mdomo uliponza kichwa, wazee walisema, na sijui walimwona wapi Lambert. Falone hakulia. Miaka miwili mtu huyu alikula ugali wake, akamfariji, na alipohitaji ufunguo akamuuzia jina la mwingine. Akatua jagi. Akatoka polepole, kama mtumishi aliyeishiwa pombe.

Jikoni aliuchukua mchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo. Akarudi, akaufunga mlango wa ukumbi, akaupitisha mchi kwenye vipete.

Muda si mrefu mlango ukasukumwa. Lambert alikuwa amekumbuka kukojoa. Falone akafungua kidirisha kidogo cha mlangoni.

"Falone. Fungua."

"Lambert, hii mulango imefungwa na nini?"

Lambert akachungulia chini. Aliuona mchi. Falone aliyaona macho yake yakielewa, na hiyo peke yake ilikuwa karibu kutosha. Hakuwasha moto. Moto ulikuwa kazi ya Lambert. Akapaza sauti juu ya bega la Lambert:

"Komanda Rémy! Sanduku yako inaenda. Mukubwa ya wezi njo huyu Duke."

Akafunga kidirisha.

Kwenye gari ya makala Kasereka alikuwa ameshika usukani, sanduku limefukiwa chini ya magunia. Akauliza mkubwa yuko wapi. Falone akamjibu kwamba bado anajigamba.

Kasereka akasikiliza. Ndani, mbao zilikuwa zikigonga, nyingi kwa pamoja, kama wanawake wanaotwanga sombe ya arusi. Akamtazama Falone. Lambert hakuwahi kugawa sawa, na huyu mwanamke angalau alikuwa na sababu. Akashika ufunguo wa gari.

"Ngoja kwanza," Falone akasema.

Upanga wa mbao hauui upesi. Alijua, ndiye aliyempa kila mgeni upanga wake. Alitaka kusikia mpaka mwisho.